Mpira wa Zamani Chini ya Filta Mpya

Wapendwa, kaeni vizuri. Leo nawaazima mtu, mtanirudishia mkitoka. Hamumjui, kwa hiyo msianze kuangaliana. Hatoki usharika huu. Alikuwa bwana misitu mstaafu, mtu wa milimani kama sisi, mwenye pikapu moja kuukuu aliyoipenda kupita kiasi. Mkewe alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Jina hilo mimi naliacha. Nitasema Baba Nanihii tu, asije mtu akaniandama baada ya ibada.

Baba Nanihii alikuwa na mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, fundi magari mwenye gereji pale stendi. Miaka kumi na zaidi ile pikapu haikuguswa na mkono mwingine. Kisha baba yao akafariki. Siku ya mazishi, mdogo mtu ndiye aliyepewa kusoma historia ya marehemu. Mnajua wenyewe inavyokwenda: alizaliwa mwaka fulani, akasoma, akaoa, ameacha mjane na watoto sita. Akawataja mmoja mmoja. Akataja watano. Aliyerukwa ni nani? Ni mzaliwa wa kwanza, kakaa pale mbele na suti yake nyeusi, watu mia tatu wanasikia.

Mdogo mtu alisema karatasi ilikuwa imekunjwa. Kaka mtu alisema karatasi haina mikono ya kujikunja. Basi, mwaka mzima hawakusalimiana.

Wazee wa kanisa wakaingilia kati. Wakawaweka chini, mdogo akaomba radhi, kaka akasimama akasema kwa sauti kubwa, "Yameisha." Wakapeana mikono, wakakumbatiana, mama yao akapiga vigelegele, mbuzi akaliwa mpaka kwato. Hadi hapo tunakwenda pamoja?

Wiki mbili baadaye mama akafanyiwa upasuaji wa jicho katika hospitali iliyo ng'ambo ya mlima. Wakasema Ijumaa anatoka. Mama akatuma ujumbe kwamba basi hapandi, lile rusharusha litamharibia jicho. Anamsubiri mwanawe wa kwanza na gari lake. Baba Nanihii akasema hilo halina mjadala. Ila pikapu ilikuwa imepitiliza kilomita za kubadilisha oili, tena kwa mbali, maana mwaka ule wote hakuna fundi aliyeifungua. Kupanda mlima na oili ile ilikuwa kutafuta balaa.

"Si uipeleke kwa shemeji?" mkewe akamwambia. "Kazi ya nusu saa."

"Nitabadilisha mwenyewe. Oili ni kitu gani?"

"Lakini Baba Nanihii, si mlishapatana?"

"Tumepatana. Nani kasema hatujapatana? Ila gari langu pale halifiki."

Mkewe alimtazama, akarudi jikoni kumenya viazi.

Alhamisi asubuhi akaanza. Na kazi aliifanya kwa utaratibu, tusimnyime haki yake. Aliwasha injini dakika chache ili oili ipate joto itiririke vizuri, akazima. Akaweka mawe kwenye tairi za nyuma, akainua mbele kwa jeki, akaegemeza kwa magogo, akalala chali juu ya mkeka. Akafungua nati ya chini, oili ikashuka kwenye beseni, nyeusi tii, akaiacha mpaka tone la mwisho. Akafuta nati, akairudisha, akaikaza. Kisha akaingia kwenye filta. Ilikuwa imeng'ang'ania vibaya. Akaipiga bisibisi ya ubavu, akazungusha, akasema maneno mawili ya kilugha ambayo hapa madhabahuni siwezi kuyatafsiri, ikatoka. Akaitupa kwenye ndoo bila kuitazama.

Hapo ndipo, wapendwa. Mdomoni mwa filta kuna mpira mweusi wa duara. Ndio unaozuia oili isipenye. Filta ikikaa muda mrefu kwenye moto wa injini, mpira ule hushikana na chuma. Unafungua filta, filta inatoka, mpira unabaki juu kwenye injini. Mweusi kwenye weusi, usipoutafuta huuoni. Baba Nanihii hakuutafuta. Mawazo yake yalikuwa kwingine: alikuwa anaisikia stendi nzima ikiambiana kwamba mzee siku hizi anajitengenezea mwenyewe, na anamwona mdogo wake anavyolipokea hilo. Yalikuwa mawazo matamu. Akaupaka oili mpira wa filta mpya, kama inavyotakiwa, akaikaza kwa mkono, mpya juu ya wa zamani. Akajaza oili mpya yenye rangi ya asali. Akawasha, akachungulia chini, hakuna tone. Akazima, akatandika boksi chini ya injini, na asubuhi akalikuta kavu kabisa.

"Mama, njoo uone!" akamwita mkewe. "Hata tone! Halafu wapo watu wanajiita mafundi."

Nami nauliza, gari lililolala litavuja nini?

Ijumaa hiyo mama alikaa kwenye benchi la hospitali tangu saa mbili, jicho moja limefungwa bandeji, kifurushi chake mapajani. Kila gari likiingia getini anageuza shingo. Mwanawe ndiyo kwanza anauanza mlima. Gia ya pili, injini inanguruma, oili ndani inasukumwa kwa nguvu ambayo haikuwepo kule uani. Mipira miwili ikateleza, mmoja ukachomoza ubavuni. Oili yote ikamwagika barabarani. Taa nyekundu ikawaka mbele yake. Akafanyaje? Akasema waya umelegea, akakanyaga mafuta. Mita mia tatu mbele injini ikaanza kugonga, ikapiga kelele moja ya chuma, ikakata. Injini imenoki. Wenye magari humu ndani nimewaona mlivyoguna.

Akakaa pale. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Alimwaza mama yake kwenye benchi na jicho lake moja, akaona aibu. Simu anayo, mtandao upo, namba ya mdogo wake anaijua kwa kichwa. Saa sita ndipo akapiga.

Mdogo mtu alifunga gereji akaja na gari lake. Aliingia chini ya pikapu, akafungua filta, akapitisha kidole pale ilipokuwa imekaa, akabandua kitu kwa ukucha. Akatoka na mpira kila mkono.

"Kaka, mipira iko miwili. Wa zamani ulibaki."

Mtu mwingine hapo angesema asante, au pole kwa usumbufu. Baba Nanihii aliutazama ule mpira, akasema, "Huo wa zamani si uliufunga wewe?"

Jamani! Injini imekufa, mama yuko benchini, na mtu bado anatafuta wa kumtwisha.

Mdogo mtu alifuta mikono taratibu. "Ni kweli, kaka, niliufunga mimi, sikatai. Lakini kuubandua ni kazi ya anayefungua."

Wakaacha pikapu pale, wakapanda gari la mdogo kwenda kumchukua mama. Wakamketisha mbele, mzaliwa wa kwanza akakaa nyuma. Wakaenda kilomita kama kumi na hakuna aliyefungua mdomo. Mama, na bandeji yake, akageuza uso kulia, akageuza kushoto, akasikiliza.

"Wanangu," akasema, "si mliniambia yameisha?"

Wapendwa, simulizi yangu imefika mwisho. Sasa tuje kwetu sisi.

Sisi ni hodari wa kutamka neno hilo. Tunalisema mbele ya wazee, tunakumbatiana, watu wanapiga makofi. Tukikutana pale mlangoni Jumapili, hakuna tone linaloanguka, tunajiona wazima. Tuko wazima kwa sababu tumeegesha! Ngoja ije siku ya kupanda. Mzazi augue, shamba ligawanywe, mtoto aolewe na kamati ikae. Hapo utasikia, "Wewe si ndiye uliyeniruka mwaka ule?"

Utaniambia, mchungaji, lakini yeye ndiye aliyenikosea. Ni kweli. Simtetei. Lile jambo aliliweka yeye. Lakini siku ile aliyesimama akasema nimesamehe ni nani? Ni wewe. Ulifungua mwenyewe, kwa mikono yako. Sasa nani tumwite aje abandue kilichobaki? Tumngoje yule yule aliyekosa? Yeye ameshaomba radhi, ameenda zake kulima.

Na msidhani nazungumza nanyi peke yenu. Nilipeana mkono na mzee mmoja hapa hapa mbele, mwezi wa tatu, nanyi mkapiga makofi. Nilisema yameisha. Tangu siku ile, barabara inayopita kwake naizunguka. Mkewe alipolazwa nilimtuma mwinjilisti, nikasema nina kikao. Sikuwa na kikao. Nilikuwa nyumbani, nimekaa kwenye kiti, nimekasirika kama siku ya kwanza.

Mzee, nakuona ulipokaa. Sina la kuhubiri zaidi. Kwaya, imbeni chochote mnachokijua, na nyie mabwana wa benchi la nne nipisheni kidogo, nashuka.