Mafiga ya Nakiete

Mlima wa mwenzio haupimwi kwa macho. Mmemsikia bibi yenu Nakiete akisema hivyo mlipokuwa mkibishana juu ya fomu zenu za chuo, huyu akidai sheria ni ya kukariri tu, yule akidai asiyesoma hesabu hajasoma. Mnauliza methali hiyo imetoka wapi. Ilianzia kwangu, wajukuu zangu, na kwa aibu yangu, lakini nitaisimulia kwa sababu inampa sifa yeye.

Nilikuwa mwaka wa tatu, nasomea upimaji wa ardhi, na maringo nilikuwa nayo. Nikirudi hapa Upare nilisimamisha kifaa changu uwanjani, nikachungulia, nikawatajia watu urefu wa kilele bila kukipanda. Mdogo wangu Nakiete alikuwa anasomea kufundisha watoto wa chekechea. Kila tukila nilimtania kwamba anasomea kuimba na kupiga makofi. Mwanzoni alicheka. Baadaye akaacha kucheka, na siku moja akanipa fomu ya kuhamia uhasibu nimpelekee chuoni. Uhasibu wenyewe hakuupenda hata kidogo.

Wiki hiyo alikuwa akifanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya hapa. Akaniambia, "Kaka, kabla hujaipeleka, kesho nishikie darasa mpaka kengele ya uji."

"Hilo tu?" nikamjibu.

Somo lilikuwa namba tatu. Niliiandika ubaoni, nikaieleza vizuri kabisa. Watoto arobaini wakahesabu moja hadi kumi kwa sauti moja, nami nikajisifu moyoni. Kisha nikamwambia mtoto mmoja, Senzia, aniletee mawe matatu. Akaleta mikono miwili imejaa. Nikaeleza tena. Akaleta moja. Mwenzake akaanza kulia, wawili wakaomba kwenda chooni, na nusu ya darasa ikawafuata. Uji ulikuwa bado mbali, na shati langu limelowa jasho.

Nakiete alikuwa akitazama dirishani. Akaingia na sufuria tupu, akapanga mawe mawili sakafuni, akaiteleka juu yake. Ikaanguka.

"Mama yako anapika hivi, Senzia?"

Mtoto akatikisa kichwa. Akatoka mbio, akarudi na jiwe jingine, akaliweka mahali pake. Sufuria ikasimama.

"Mafiga mangapi?"

"Matatu," akasema Senzia, na hakukosea tena.

Nikamuuliza mdogo wangu alijuaje.

"Nimesoma mwaka mzima jinsi mtoto anavyoifikia tatu," akasema. "Wewe ulifika zamani, kaka, njia umeisahau. Mlima wa mwenzio haupimwi kwa macho."

Nikatoa fomu mfukoni, nikamrudishia, nikamwomba radhi mbele ya watoto wake. Aliipeleka jikoni, ikawashia moto wa uji.

Baba zenu wote walijifunza kuhesabu kwake, na mpaka leo natembea kifua mbele nikisema huyo ni mdogo wangu. Haya, jazeni fomu zenu, kila mtu achague anachokipenda. Lakini katika nyumba hii, mlima wa mwenzio haupimwi kwa macho.