Pimbi Aliyeufuta Mlango wa Buluu

Paukwa!

— Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuzipamba, Pimbi aliishi na mama yake kwenye kilima cha mawe meupe. Pimbi ni mnyama mdogo, hana mkia, hana maringo. Mama yake alikuwa mzee. Akili zake zilikuwa nzima kabisa, ila macho yalikuwa yamefifia. Jiwe na nyumba aliviona kama kitu kimoja: weupe tu, weupe, weupe.

Siku moja mama akasema, "Mwanangu, ipake nyumba yetu rangi kali, nipate kuiona kwa mbali."

"Rangi gani, mama?"

"Kuta nyekundu. Madirisha ya manjano. Na mlango uwe wa buluu, buluu iliyokolea."

"Zote pamoja, mama?"

"Zote pamoja. Moja ikinifichika, nyingine iniite."

Pimbi akachimba udongo mwekundu. Akatwanga manjano, twa! twa! twa! Akaloweka majani ya mnili, yatoayo buluu. Akapaka, pwata! pwata! mpaka mikono ikageuka rangi. Nyumba ikawaka! Mama akasimama kule bondeni, akapiga kigelegele. "Naiona! Mwanangu, naiona!" Akapanda moja kwa moja hadi mlangoni bila kushikwa mkono. Pimbi akafurahi mno, akawaita majirani waje waone.

Wakaja. Aliyetangulia ni Korongo, mrefu, mwenye shingo ya madaha. Nyumba yake ilikuwa nyeupe tupu, na wote waliisifu. Korongo akatazama. Akapinda shingo huku, akapinda shingo kule.

"Pimbi," akasema, "hii ni nyumba au kidonda?"

Kwa! kwa! kwa! Majirani wakacheka. Ngedere akagaragara chini.

"Nyekundu na manjano! Halafu buluu! Nani kakuchagulia?"

Hapo, wenzangu, ndipo Pimbi alipokosea. Uso ulimwiva. Angeweza kusema ukweli kwa maneno mawili. Hakusema. Alisema, "Si mimi. Ni mama. Uzee umemharibu akili."

Mama alikuwa ndani, nyuma ya mlango. Alisikia.

Kesho yake mama akashuka bondeni kuota jua, kama kawaida yake. Pimbi akaenda kuomba chokaa kwa Korongo. Akapaka haraka haraka, pwata! pwata! Nyekundu ikazama. Manjano ikazama. Buluu ikazama. Korongo akasema, "Sasa umekuwa mtu!" Pimbi akacheka naye, lakini kicheko kikamkauka mdomoni.

Adhuhuri mama akaanza kupanda. Akatazama juu. Weupe tu.

"Mlango wangu wa buluu, uko wapi?"

Akagusa jiwe. Si nyumba. Akagusa jiwe jingine. Si nyumba.

"Mlango wangu wa buluu, uko wapi?"

Akaona tundu jeusi. Akadhani amefika. Akatia mguu.

Kumbe ni pango la Chui!

Pimbi akamwona kutoka juu. "Mama! Si hapo, mama!" Akashuka mbio, puru! puru! puru! Akamvuta. Chui akaamka, ngrrr! Kucha ikapita mgongoni mwa mama, charuu! Wakajipenyeza kwenye ufa wa jabali, wakabanana mle, damu ikimtiririkia Pimbi mikononi, mpaka Chui akachoka, akaenda zake.

Mama akasema, "Niliitafuta buluu. Nani ameiondoa?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Nilikuonea haya."

"Jana nilikusikia," mama akasema. "Nikadhani ni maneno tu. Sikujua utaniondolea na mlango."

Pimbi akatamani ufa ule umfunike. Nje majirani walikuwa wamekusanyika. Akatoka, kichwa chini, akasema kwa sauti, "Mama yangu ana akili timamu. Macho yake ndiyo yamechoka. Mimi nilisema uongo, kwa kuogopa kuchekwa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Korongo akaikunja shingo yake ndefu, akakificha kichwa chini ya bawa.

Pimbi akabandua chokaa kwa kucha zake, akapaka rangi zote upya, mchana kweupe, wote wakitazama. Mama akapona, lakini kovu lilibaki. Kila asubuhi Pimbi alipompaka mafuta mgongoni, aliinamisha uso. Na mama, asiyeweza kuuona uso ule, alimwuliza, "Mbona umenyamaza, mwanangu?"

Basi, wakubwa kwa wadogo, sikieni. Nyumba yako ipambe iwafae wanaoishi ndani yake, hata wapita njia wakicheka. Na usimkane mzazi wako ili upate kucheka na majirani, maana kovu hilo utaliona kila siku.

Hadithi yangu imekaa kitako hapo.