Baragumu Ng'ambo ya Mto

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nusu yenu hamkuitika, midomo imejaa mahindi. Mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Sasa nasikia watu. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na kiti cha enzi, Mbega ndiye aliyekuwa mpiga baragumu wa nchi. Desturi yao ilikuwa moja: mtawala hakuwa mtawala mpaka Mbega ampulizie siku anapokalia kiti. Bila hivyo, angekaa hata miaka mia, wangemwita mpangaji tu.

Chui akamuua kaka yake aliyekuwa mtawala, akaketi kitini. "Mbega, puliza!"

"Baragumu ni la nchi, pumzi ni yangu," akajibu Mbega. "Simpulizii muuaji."

Asubuhi hiyo hiyo akavuka mto, baragumu mgongoni, akafika nchi ya wanadamu. Wakampa kiwanja, akajenga, akalima muhogo. Msione analima mkadhani amesahau kwao. Hakusahau hata siku moja.

Mwaka wa kumi akaja Mbweha, mwenye maneno ya asali. "Bwana Mbega, mkono usioweza kuukata, ubusu. Rudi, upulize mara moja tu."

"Baragumu ni la nchi, pumzi ni yangu. Nenda salama."

Mwaka wa ishirini akaja Nyati, anachimba ardhi kwa kwato. "Usipopuliza, utafia ugenini!"

"Nitafia. Baragumu ni la nchi, pumzi ni yangu."

Mwaka wa thelathini Chui, fundi wa hila, akamtuma dada yake Mbega.

"Kaka, mama yu mahututi. Chui anasema ukipuliza, utamwona."

Mbega akakaa chini. Jamani, hapa hata mimi msimulizi sipendi kufika. Akauliza, "Na mama mwenyewe anasemaje?"

"Anasema, 'Mwanangu akirudi kumpulizia yule, asinishike mkono.'"

Mbega akalia, akacheka, akalia tena. "Mwambie mama nimesikia. Baragumu ni la nchi, pumzi ni yangu."

Mama akazikwa bila yeye. Hilo lilimuuma mpaka uzeeni, tusidanganyane.

Mwishowe Chui naye akafa, mpangaji vile vile. Wanyama wakakutana, wakamchagua Pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, mpole lakini si mjinga. Wakavuka kwenda kumchukua Mbega. Wakamkuta kikongwe wa kitandani. Walipojaribu kumwinua, akapiga yowe. Mifupa haikukubali safari tena.

Wakatazamana. Wengine wakasema, "Basi, tukae bila baragumu."

Pofu akasema, "Mbona mnahangaika? Kiti si mlima. Kileteni."

Kiti cha enzi kikavushwa mto vichwani, kikatuliwa uani kwa Mbega, baina ya kuku na muhogo ulioanikwa. Mbega akatolewa nje na kitanda chake. Pofu akaketi.

"Pofu, umemuua nani ukipate kiti hiki?"

"Sikuua, babu. Nimechaguliwa."

Mbega akapuliza. Waliobaki ng'ambo wakasikia, wakasimama wote.

Kwao hakurudi kamwe. Ila siku ile nchi yake ilimfuata ugenini, ikapiga hodi, ikasubiri akaribishe. Na hadithi yangu imekomea hapo hapo mlangoni.