Ghala Lililopanda Mlima

Tulieni, na wewe mwenye kikohozi kimeze. Namtaja Mwarigha, mwana wa Mghanga, mjukuu wa Mwadime aliyekuja na moto ndani ya pembe, katika siku ambazo mlima huu wa Kighondi ulikuwa haujakanyagwa ila na nyani, na nyani wenyewe walikuwa na adabu kuliko baadhi yenu. Mwarigha Bega la Mlima! Fahali asiyejua kamba! Mla chungu akamtazama mpishi! Alipozaliwa mkunga alianguka chali, na alipoanza kutambaa alitoka nje na mlango.

Wazee wetu enzi hizo walikaa kule bondeni, na huko ndiko Njaa ilikowakuta. Mvua ilikataa, nzige wakamaliza kilichosalia, watu wakachemsha ngozi za kulalia wakanywa mchuzi wake. Mkawasi, mama yake Mwarigha, aliyekuwa na kigelegele cha kuvuka mabonde, aliwazika mabinti zake wawili, na tangu siku hiyo kinywa chake hakikufunguka tena kwa furaha. Hapo sicheki, na ninyi msicheke.

Ndipo Mwakio, kaka yake Mkawasi, mlinzi wa ghala la ukoo, alipotoa amri kwamba Njaa ina masikio, na nyumba yenye ngoma na vigelegele ndiyo inayorudiwa. Watu wakaishi kimya. Kisha Mola, ambaye haombi ruhusa kwa mlinzi wa ghala, akaleta mvua, na mtama ukazaa hadi mabua yakapiga magoti. Na wazee wetu walifanya nini, enyi wajukuu wa watu wenye akili? Walivuna wakilia! Walijipaka majivu ya msiba ili Njaa ikipita idhani hawana kitu. Mtu shingo imezama mabegani kwa uzito wa kikapu, ukimuuliza, "Mmevuna?" anajibu, "Tumeambulia patupu," huku punje zinamdondoka masikioni. Mtama wote ukafungiwa ndani ya lile ghala la fito lililosimama juu ya nguzo, watu wakaendelea kula majani, na Mwakio akahamia humo humo, akalala juu ya nafaka kama kuku aatamiaye. Dumuzi nao, wale wadudu wa nafaka, wakaingia, wakaanza kuusaga mtama bila kuomba jiwe la mtu.

Mwarigha aliyavumilia majani yale, na kwa mtu wa tumbo lake uvumilivu huo peke yake unastahili ngoma. Lakini kilichomuuma hasa ni mama yake, aliyekuwa akizeeka na kinywa kimefungwa. Asubuhi moja akapiga magoti mbele yake.

"Mama, Mola ameturudishia. Nataka nikisikie kigelegele chako kabla hujaniacha."

"Mwanangu," akasema Mkawasi, "nilikizika pamoja na dada zako. Nikifurahi nitakuwa nimewasahau."

"Hatuwasahau, Mama. Lakini Mungu amenyoosha mkono wenye chakula, na sisi tumekunja ngumi. Ndivyo anavyoshukuriwa?"

Mama akaendelea kuchambua majani yake.

Mwarigha akaondoka, akasimama mbele ya ghala, akatamka kwa sauti iliyoangusha mbuzi wawili: "Alichotoa Mungu hakifichwi! Nakipandisha juu mlimani, kikapikwe mbele ya macho ya watu wote, na Njaa ikitaka kusikia, na isikie!" Akaingia chini ya ghala, akalitia mgongoni, akaling'oa na nguzo zake, akaanza kupanda.

Ndani, Mwakio akazinduka usingizini. "Tetemeko! Jamani, tetemeko!"

"Tulia, Mjomba. Ni mimi."

"Nishushe, mpwa wangu!"

"Ruka, Mjomba. Mlango uko wazi."

"Nikiruka, nani atalinda ghala?"

Wakaendelea hivyo hivyo, mmoja akipanda na mwingine akilinda. Walipofika penye mwinuko mkali, sakafu iliyokwisha kuliwa na wadudu ikakatika. Mtama ukabubujika njiani, kuku wakaufuata, mbuzi wakawafuata kuku, na bonde zima likatoka na nyungo na vikapu, nyuso zikiwa bado zina majivu. Mwakio alikuwa amenasa kwapani kwenye tundu, miguu ikining'inia chini ya ghala, ikirusha mateke, na mtama ukimwagika kuizunguka, naye anapiga kelele, "Hakuna kitu humu! Tumeambulia patupu!"

Mkawasi aliiona ile miguu ya kaka yake. Akauma midomo. Mabega yakatikisika. Kicheko kikamtoka kwa nguvu hata akakaa chini, na machozi ya kuwalilia mabinti zake yakaja pamoja nacho, hakuweza kuvitenganisha wala hakujaribu tena. Halafu akainua uso mbinguni, akapiga kigelegele. Kikavuka mabonde. Wanawake wote wakakidaka, na Njaa, kama ilikuwa karibu, ilisikia ikafunga safari ya mbali.

Wakapika juu huku, wakala, wakamshukuru Mungu kwa vinywa vilivyojaa. Mtama uliomwagika ukaota njia nzima, na hakuna aliyekumbuka kurudi bondeni. Ndipo tulipo.

Mwarigha alipoanza kuota mvi, alisimama siku ya mavuno akatamka: "Mungu ametulisha miaka yote hii, na hakuna hata mmoja wetu aliyemkaribisha!" Akajitwika chungu kikubwa kuliko vyote, kimejaa chakula, akapanda hadi ukungu ukammeza. Hakurudi. Wako wasemao alifika, akaambiwa akae. Mwakio, mpaka anakufa, alishikilia kwamba mpwa wake alikila chakula kile mwenyewe njiani akaona haya kurudi.

Watu walipoanza kuomboleza, Mkawasi, kipofu sasa, alipiga fimbo chini. "Aliyekwenda kushukuru haliliwi!" Akapiga kigelegele kingine, chembamba, cha mwisho.

Ndiyo maana kikapu cha kwanza cha mavuno tunakitoboa kitako, kimwagike njia nzima tukipanda, na ndiyo maana radi ikinguruma kileleni tunasema Bega la Mlima anaomba aongezwe. Hiyo hapo, mmeisikia? Basi akina mama, mnangoja nini?