Shada la Mkaratusi

Hakuna kazi nyepesi kama kumhukumu mtu kwa jambo ambalo halijakufika. Ukimwona amenuna, unasema ana kiburi. Akikataa zawadi yako, unasema hana shukrani, kisha unaenda zako umeridhika. Wahenga walilijua hilo, ndipo wakasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Shida ya mtu aijuaye ni yule aliyeibeba. Sisi wengine tunabahatisha tu. Mama Maua aliijua methali hii tangu yuko shuleni, na pengine alipata alama nzuri kwa kuifafanua. Lakini methali kuijua si kazi. Kazi ni siku ikikujia mlangoni.

Mama Maua alikuwa na duka la maua kwenye kona, kati ya duka la dawa na kibanda cha kinyozi. Sakafu yake haikukauka mwaka mzima kwa sababu ya ndoo za maji zilizojipanga ukutani, za waridi upande huu na za alizeti upande ule. Hata hivyo, jina lake lilikuzwa na mkaratusi. Wauzaji wengine waliutumia kujazia mapengo tu, lakini yeye aliufanya kuwa shada lenyewe: majani ya duara yenye rangi ya kijivu kana kwamba yamepakwa unga, na katikati yake yale maua meupe ya nyuzinyuzi ambayo huchomoza pindi kofia zake ndogo zinapodondoka.

"Waridi ni la kila mtu," alipenda kuwaambia wateja. "Mkaratusi humpi ila unayemheshimu."

Mama Maua alizaliwa tumbo moja na dada mmoja tu, mkubwa wake, aliyekuwa fundi cherehani. Mama yao alipougua kifua, ugonjwa ukamganda mwaka mzima, dada huyo ndiye aliyeishi naye na kumuuguza. Mama Maua alifika Jumapili moja moja na maua mkononi, akakaa kidogo, akaondoka hata chai haijapoa. Siku ya msiba alipoingia, dada yake alimtazama mbele ya waombolezaji wote, akamuuliza, "Leo ndiyo umepata nafasi?"

Mama Maua naye hakukubali kulala na deni la maneno. "Wengine tuna kazi, Dada," alijibu. "Si wote tunaoshinda nyumbani."

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Walipokutana sokoni, kila mmoja aligeuka ghafla kutafuta vitunguu.

Mambo yangeendelea hivyo hivyo, lakini binti wa pekee wa Mama Maua akachumbiwa. Maandalizi yalipopamba moto, binti akamjia mama yake dukani na kumweleza bila kupepesa macho, "Mama, Mama Mkubwa ndiye aliyenilea ulipokuwa ukihangaika na duka. Asiposimama kando yangu siku hiyo, harusi haipo."

"Harusi haipo? Na wageni tuliokwisha kuwaalika?"

"Waje wale, warudi kwao."

"Ewe mtoto, kichwa kigumu hicho umekirithi kwa nani?"

"Kwa Mama Mkubwa," alijibu binti, wala hakucheka.

Mama Maua alimfahamu mwanawe: likimtoka limetoka. Hofu ilimwingia, ila hakuionyesha. "Niachie mimi," alisema. "Dada yangu namjua kama kiganja changu." Alikumbuka walipokuwa wasichana, wakipita chini ya mikaratusi nyuma ya shule. Dada yake alikuwa akiokota zile kofia za maua na kuzivaa kwenye ncha za vidole, na majani akiyafikicha na kuyatia chini ya mto ili alale na harufu yake. Basi kama kuna kitu cha kumlainisha, ni mkaratusi. Aliamua hata ukumbi wa harusi aupambe kwa mkaratusi mtupu, dada yake akiingia ajione amerudi utotoni.

Akafunga shada la kwanza, akampa mwenye pikipiki alipeleke. Muda si muda mtu huyo akarudi nalo.

"Amekataa, Mama. Amesema nilirudishe, na nisije tena."

"Hakutoa sababu?"

"Sababu gani? Alikuwa ameshafunga mlango."

Mama Maua alijipa moyo kwamba shada lilikuwa dogo. Alikesha na wazo hilo, na asubuhi akakaa kufunga jingine, kubwa kama pipa, lenye maua yaliyofunguka siku hiyo hiyo na utepe wa hariri. Mara hii mwenye pikipiki aliagizwa aliweke kizingitini na kutoweka.

Kesho yake akaja dukani mwanamke mmoja, jirani wa yule fundi cherehani. Alisema amefuata waridi, lakini macho yalikuwa yanamcheza kwa habari aliyoibeba.

"Shoga, lile shada lako zuri liko jalalani. Nimeliona mimi kwa macho yangu! Dada yako alilibeba kwa ncha ya ufagio, amegeuza uso pembeni, ungedhani ni panya aliyeoza."

"Kwa ufagio!"

"Kwa ufagio, bibi."

Hapo Mama Maua alipandwa na hasira. Alisema dada yake ana roho ya korosho, ana kijicho, hana mtoto wa kuozesha ndiyo maana anaharibu furaha ya wenziwe. Alisema asante ya punda ni mateke. Alisema na mengine ambayo hayaandikiki, na jirani akayasikiliza yote kwa makini na kusahau kununua waridi.

Harusi ikiwa keshokutwa, Mama Maua alifunga shada la tatu na kulipeleka mwenyewe. Alimkuta dada yake dirishani kwenye cherehani, chaki sikioni, vipande vya kitambaa vimetapakaa miguuni. Fundi yule aliinua macho, akaliona shada.

"Hilo libaki nje."

"Halibaki," alisema Mama Maua. "Kama una neno na mimi, niambie mimi. Majani hayajakukosea." Akaingia, akalibwaga shada mezani juu ya nguo za watu.

Dada yake alisimama. Uso ulimbadilika, akaziba mdomo kwa mkono, akakimbilia uani. Mama Maua alimsikia akitapika. Alisimama pale pale, hajui aende au akae, na ile hasira aliyotoka nayo nyumbani ikaanza kumtoka. Dada yake alirudi akijipangusa uso kwa mtandio, akabaki mlangoni, mbali na meza.

"Umefurahi sasa?"

"Dada, unaumwa?"

"Nani aliyekuambia nayapenda majani hayo?"

"Si wewe? Tulipokuwa wasichana uliyalalia!"

"Tulipokuwa wasichana Mama alikuwa mzima." Aliusogeza mtandio puani. "Asubuhi na jioni, mdogo wangu, mwaka mzima, nilichemsha sufuria la majani hayo nimfukizie kifua. Aliogopa giza la blanketi, hivyo nikawa najifunika naye, nimemshika kichwa juu ya mvuke. Anahema kama anayepandisha mlima. Ananiambia, 'Basi, mwanangu, imetosha.' Nami namwambia, 'Bado kidogo, Mama.' Hata siku ile ya mwisho alikuwa humo humo, mikononi mwangu. Nikahisi kichwa kimekuwa kizito, nikadhani amesinzia. Nikaendelea kumwambia bado kidogo, bado kidogo. Halafu wewe unaniletea harufu hiyo mlangoni, umeifunga na utepe."

"Hukuniambia," alisema Mama Maua, na sauti yake mwenyewe ilimtia aibu.

"Nikuambie saa ngapi? Nikipiga simu, una harusi ya watu. Nikipiga tena, una shughuli ya watu. Mwisho nikaacha kupiga. Nami nilikosea hapo, ningepiga hata ukanichoka."

Mama Maua alisogea mezani. Alilichukua shada, akalipeleka hadi jalala la mwisho wa mtaa, akarudi kwenye bomba la uani na kunawa mikono kwa sabuni. Akainusa, akanawa tena. Lakini mikono iliyoshika mkaratusi miaka yote ile haikusafika kwa sabuni ya siku moja. Akaja mlangoni, asiingie.

"Bado inanuka, Dada. Nitakaa hapa hapa nje. Wewe nieleze, maana mimi sikuwapo."

Fundi cherehani alikivuta kigoda chake karibu kidogo na mlango, akaeleza. Alieleza vidonda vya mgongoni, na shuka za kufua kila siku, na namna mama yao alivyokuwa akimwita mmoja kwa jina la mwingine. Mama Maua alilia kilio ambacho siku ya msiba alikibana mbele za watu.

"Nilikuita una kijicho," alisema hatimaye.

"Habari nimezipata. Na roho ya korosho pia. Unajua jirani yangu mdomo wake hauna kifuniko."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Mama Maua aliinuka kuaga bila kuitaja harusi. Alijua kwamba hana haki ya kuomba. Ni dada yake aliyemuuliza, "Na mtoto? Ukumbi umeupamba?"

"Nimeupamba. Wote ni mkaratusi."

Dada yake aliinamisha kichwa, akarudi kwenye cherehani.

Asubuhi iliyofuata Mama Maua alifika ukumbini na mkasi. Upinde wa mlangoni, meza, hadi kiti cha bibi harusi, vyote vilikuwa vimevishwa majani ya kijivu na maua meupe. Mwanamke aliyemsaidia kazi alishika kichwa.

"Mama, hujawahi kufanya kazi nzuri kama hii! Unaibomolea nini?"

"Kata."

Walikata, wakafagia, wakapiga deki mara tatu na kuacha madirisha wazi kutwa nzima. Mahali pa mkaratusi waliweka mawaridi machache yaliyobaki dukani na majani ya kawaida waliyoyapata kwa haraka. Ukumbi ulipendeza kiasi, kama ukumbi mwingine wowote.

Siku ya harusi wageni hawakukosa la kusema. "Hivi huyu ndiye Mama Maua tunayemsikia?" walinong'ona. "Watu baki anawapambia kama peponi, mwanawe kamfanyia ubahili!" Mama Maua aliyasikia yote. Maneno yalimchoma, maana alikuwa mtu wa kuijali kazi yake, lakini hakujitetea. Macho yake yalikuwa mlangoni, na ya bibi harusi pia. Bibi harusi alikuwa amekataa kuketi.

Fundi cherehani alifika watu wakiwa wameanza kutazama saa. Alisimama chini ya upinde, mtandio ameushika karibu na pua. Akaushusha taratibu. Akavuta pumzi, akavuta nyingine. Kisha akaupita ukumbi mzima mpaka kwa binti aliyemlea, akasimama kando yake na kumshika mkono. Bibi harusi akaketi huku analia, na Mama Maua akalazimika kugeukia ukutani.

Bibi mmoja wa safu ya mbele alishindwa kuzuia ulimi. Akamwinamia fundi cherehani, akasema, "Mdogo wako leo kafanya nini? Mkaratusi wake wote ule, kwa mwanawe hata jani moja? Hana aibu?"

"Mwache mdogo wangu, bibi," alijibu fundi cherehani, kwa sauti iliyofika mpaka safu ya nyuma. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."