Mwanya wa Fundi Kibwana

"Ukipamba uwani, uliza miguu." Ndivyo Bi Rehani alivyowaambia jana mlipokuwa mnaviringisha matairi kwenda nyuma ya nyumba yangu, nanyi mkacheka mkidhani bibi wa watu amechanganyikiwa. Miguu inaulizwaje? Njooni mkae hapa, wajukuu zangu. Maneno hayo yalizaliwa mtaani kwetu nikiwa mwari, na kimoja kati ya vyungu vilivyopoa siku zile kilikuwa cha mama yangu.

Palikuwa na fundi viatu aliyeitwa Kibwana, aliyefiwa na mkewe. Kazi yake aliifanya barazani, mbele ya nyumba. Alikuwa hodari. Ukimpa kiatu anakigeuza, anaitazama soli, kisha anakwambia unaelemea mguu gani na unapita njia ya mawe au ya mchanga. Lakini nyuma ya nyumba yake alikuwa mgeni. Wanaume wa siku zile ndivyo walivyokuwa. Uwani palikuwa pa wanawake, na mwanamume akipita huko hukohoa kwanza, hata kama nyumba ni yake.

Mwanawe wa pekee, Mwanaidi, aliolewa Morogoro. Mimba yake ya kwanza ilipokomaa akarudi kwao kujifungua, kama ilivyo desturi, akae mpaka arobaini. Kibwana akajiuliza atamtunza vipi mzazi asiye na mama. Kumkanda hajui, kumpikia hajui. Akaenda uwani, akaona tope la maji ya kufulia, mafiga meusi, na ua wa makuti wenye pengo. Akasema, basi mimi nitamfurahisha hapa.

Pesa hakuwa nazo, ila mikono alikuwa nayo. Mwanaidi alipopelekwa hospitali, yeye akaanza kazi. Tope akalifukia kwa kifusi alichopewa bure na watu waliobomoa nyumba. Vigae vilivyovunjika akavipanga chini vikapendeza. Kitanda kibovu kikawa benchi. Matairi akayapaka chokaa, akapanda asumini na mrehani ndani yake. Lile pengo la ua, lenye upana wa mtu mmoja mwenye mzigo, akaliona ni njia ya mbuzi tu. Akaliziba kwa bati kuukuu, akaligongelea misumari, na tairi zuri kuliko yote akaliweka mbele yake. Palipendeza kwa kweli, nisimnyime haki yake.

Mwanaidi akarudi na mtoto wa kike. Baba yake akamwingiza chumbani, akatundika shuka kwenye mlango wa nyuma na kumwambia, "Usichungulie huko, mwanangu. Ukitoka arobaini utaiona zawadi yako." Choo kilikuwa ndani, hivyo hakuwa na haja ya kutoka. Akajilaza, akawa anawasubiri wanawake wa mtaa.

Hawakuja. Uji akawa anaupika Kibwana mwenyewe, una madonge juu na ukoko chini. Mwanaidi hakukandwa wala hakufungwa tumbo. Maziwa yakawa haba, mtoto akawa analia mchana kutwa. Kibwana hakuelewa. Kwenye msiba wa mkewe nyumba ilijaa wanawake hao hao, sasa wamekwenda wapi? Akawaza labda amewatoza ghali viatu vyao. Akawaza labda kuna mtu ametia fitina. Akawauliza wenzake msikitini, nao wakatazamana wakamwambia, "Mambo ya uwani hayo, Kibwana. Sisi tutayajulia wapi?" Akirudi barazani, wanawake wanapita njiani, wanamwamkia kwa heshima, lakini hakuna anayesimama. Kichwa kilimzunguka.

Nasi upande wa pili tulichanganyikiwa vile vile. Mtaani kwetu mwanamke mwenye huzuni zake, asiyetaka watu, hakufunga mlango wa mbele, maana huo ulikuwa wa wageni na wanaume. Aliegemeza ungo kwenye mwanya wa ua tuliokuwa tukipitia sisi wanawake, nasi tukiuona tunarudi kimya mpaka autoe mwenyewe. Sasa hapa hapakuwekwa ungo. Liligongelewa bati, tena kwa misumari. Mama zetu walikaa na vyungu vya uji wa pilipili manga vikipoa, wakiulizana wamemkosea nini mtoto wa marehemu. Kila mmoja alimshuku mwenzake kwa neno aliloliropoka zamani.

Hatimaye Mwanaidi akamwambia baba yake, "Baba, nitafutie gari nirudi kwa mume wangu. Mtaa huu umenikataa. Afadhali nikae peke yangu kwa watu nisiowajua."

Kibwana akaenda barazani, akashika kiatu cha mteja, asijue akishone wapi. Machozi yalimlengalenga.

Ndipo akatokea Bi Mashavu, mkubwa wa wanawake wa mtaa. Alipita mbele, katikati ya wanaume waliokuwa wakisubiri viatu vyao, chungu kichwani. Hakuna aliyewahi kumwona akifanya hivyo.

"Shemeji Kibwana," alisema, "nimevunja adabu ili nikuulize. Tumewakosea nini?"

Kibwana akamkodolea macho. "Mimi ndiye wa kuuliza hayo. Mwanangu anataka kuondoka kwa sababu yenu."

"Yetu sisi? Na nyinyi ndio mliotufungia?"

"Tumewafungia wapi, shemeji? Mlango huo hapo, uko wazi tangu alfajiri."

Bi Mashavu akautazama mlango wa mbele, kisha akamtazama yeye. Akaona kwamba mtu huyu hatanii. "Twende nyuma," akasema.

Walipofika uwani alisimama akaangalia vigae, akaangalia asumini. "Pazuri," akasema. "Umemtengenezea nani?"

"Mwanaidi."

"Na ulitaka akae hapa na nani?"

Bi Mashavu akamwonyesha chini, karibu na bati, ambako kifusi hakikufika. Palikuwa na ukanda wa ardhi uliolika, mgumu, uliosuguliwa ukawa laini.

"Wewe ukigeuza kiatu unajua mwenyewe anapita wapi," alimwambia. "Na hii nayo si soli? Miguu yetu imeisugua tangu mkeo yu hai. Mbona hii hukuiuliza?"

Fundi akachuchumaa, akapitisha kidole gumba juu ya ile ardhi kama alivyozoea kufanya kwenye viatu. Kisha akaenda kuleta koleo lake la kung'olea misumari.

Bati lilipoanguka, tulikuwa tumeshajaa upande wa pili na vyungu vyetu, maana tulisikia misumari ikilia. Mwanaidi chumbani alisikia ndara nyingi zikiingia kwa nyuma, akaanza kulia kabla hajamwona mtu, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alikaa mpaka arobaini, na wiki kadhaa zaidi.

Kibwana alilihamisha lile tairi. Vigae vyake vizuri kabisa aliving'oa, akavipanga upya kuanzia kwenye mwanya mpaka mlango wa jikoni. Tangu siku hiyo, kila aliyemsikia akizungumzia kutengeneza nyumba yake alimwambia maneno yale yale, mpaka mtaa mzima ukayashika.

Matairi yenu si mabaya, wajukuu zangu, na rangi mliyoipaka imenipendeza. Ila mmeyapanga pale pale anapopita Bi Rehani kila asubuhi kuja kunijulia hali, na leo, mmemwona? Haya, inukeni mkayaondoe. Ukipamba uwani, uliza miguu.