Safu Isiyo na Jina

Hapo zamani, milima ilipokuwa bado haijagawanywa kwenye karatasi, palikuwa na mtaalamu wa jiografia aliyeitwa Semkiwa. Alikuwa na darubini moja, miwani mbili na magoti mabovu. Mfalme alitangaza kwamba atakayeigawa milima ya kaskazini katika safu zake sawasawa, safu ya juu kuliko zote itaitwa kwa jina lake. Semkiwa hakuwa na mke wala mtoto. Jina lile alilitaka mpaka chakula kikamshinda.

Magoti yalimuuma, basi akaipima milima akiwa amekaa barazani. Akaona vilima vya kijani mbele na theluji nyuma. Akaandika: safu mbili. Akagonga muhuri, akajipongeza kwa chai.

"Vizuri," mfalme akasema. "Nenda ukanihakikishie."

Wakaondoka watatu: Semkiwa na ramani yake, Mbelwa mpima mawe na nyundo yake, na Nakijwa mpishi, aliyebeba kila kitu kilichobaki.

Wakavuka vilima, wakashuka bondeni, wakapanda tena. Ukungu ukawafunika. Semkiwa akaitazama ramani, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Jamani," akasema, "hapa tuliposimama hapapo."

Siku tatu wakazunguka. Unga ukaisha. Semkiwa akang'ang'ania kwamba bado wako vilimani, waendelee tu mbele. Mbelwa akagonga mwamba, akapiga kelele: "Simama! Jiwe hili si la vilimani. Hii ni safu nyingine!"

Nakijwa akatua mzigo. "Vilimani kuni tele. Hapa tunaokota vijiti. Kwenye theluji hutapata hata cha kuchokolea meno. Safu ni tatu, mabwana zangu. Kuni zinakozidi ndiko nyumbani."

Wakafuata kuni, wakapona.

Mbele ya mfalme Mbelwa akasema, "Nisingegonga jiwe, theluji ingetuzika. Jina ni langu."

Nakijwa akasema, "Yeye alijua tulipo. Wa kujua pa kurudi alikuwa nani? Tena hiyo nyundo, wakati wa kurudi niliibeba mimi."

Semkiwa akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. "Mfalme wangu, aliyetupoteza ni mimi. Lakini tuliporudi, hawa walikwenda kulala. Mimi niliichana ramani yangu, nikachora safu tatu kwa mkono uleule uliochora mbili. Na mtaalamu kukiri kosa, jamani, kunauma kuliko magoti."

Mfalme akakuna kidevu, na anakikuna hadi leo. Safu ile ya juu iko pale, haina jina, na juu yake linatosha jina moja tu.

Haya, mlionisikiliza: mmoja alijua walipo, mmoja alijua njia, mmoja alikosea akaandika. Je, nani alistahili?